Saa ya elfu ishirini au ya laki sita? Ulinganisho kwa watu wa Kusini

Malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia, Mtwara na Lindi hubadilika sura. Nyumba zinaezekwa bati, pikipiki mpya zinaonekana hadi vijiji vya ndani kabisa vya Tandahimba na Newala, na wauza saa wanatandaza mali zao kila penye watu. Ndipo linapoibuka swali ambalo mwezi Machi hakuna anayeliuliza: nichukue saa ya elfu ishirini kama siku zote, au safari hii nijikaze, ninunue ya maana ya laki sita, niwe nimemalizana na habari ya saa?

Tulitazame kwa kipimo cha hapa kwetu. Tuseme kilo ya korosho ghafi ni shilingi 3,000. Saa ya laki sita ni kilo 200, yaani magunia mawili na nusu ya kilo 80. Ya elfu ishirini haifiki kilo saba. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu atulie kwanza.

Nikisema saa nafuu hapa nina maana ya saa ya betri iliyo chini ya elfu hamsini: zile zisizo na jina, pamoja na Casio za plastiki. Ghali naanzia laki tano, na huko juu bei haina dari. Ziko za chuma za Kijapani, na ziko za Uswisi ambazo bei yake inatajwa kwa milioni. Nitazipima zote kwa mambo yaleyale: usahihi wa majira, uvumilivu wa maji na chumvi, kioo, matengenezo, kisha hadhi na thamani ukitaka kuiuza. Rangi na mtindo simo. Kila mtu na macho yake.

Usahihi wa majira

Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana wanaamini saa ghali haikosei. Saa ya betri huendeshwa na kijiwe kidogo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya mkononi ya kwanza kuuzwa ikiwa na teknolojia hiyo ilitoka Japani Desemba 1969, ikaitwa Seiko Astron. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, kiasi ambacho wakati ule kilikaribia bei ya gari dogo jipya. Leo teknolojia hiyohiyo imo ndani ya saa unayoweza kuinunua kwa chenji ya nauli.

Saa nafuu: Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ya plastiki iliyopo sokoni tangu 1989, mtengenezaji wake anasema inaweza kukosea sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma. Zisizo na jina hazitabiriki. Nyingine zinakwenda vizuri miaka, nyingine mshale wa sekunde unaanza kugugumia kabla hujaizoea mkononi.

Saa ghali: kama ni ya betri au ya jua, mara nyingi hukosea sekunde kama 15 kwa mwezi. Lakini nyingi zinazosifiwa ni za kimakanika, zinazoendeshwa na springi inayojikaza kwa mwendo wa mkono. Saa ya Uswisi yenye cheti cha kronomita, yaani iliyopimwa usahihi wake ikathibitishwa, inaruhusiwa kukosea wastani wa sekunde 4 nyuma au 6 mbele kwa siku. Zidisha kwa siku 30 uone: inaweza kufika dakika tatu kwa mwezi. Seiko za otomatiki za kawaida zimepewa nafasi kubwa zaidi, ingawa nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi yake inavyosema. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi huenda ukaikuta imesimama, kwa sababu akiba yake ya nguvu mara nyingi ni kama saa 40.

Kwa hiyo kwenye usahihi peke yake, fedha yako ya ziada hainunui kitu cha maana.

Wapo watakaosema simu inatosha. Kwa mkazi wa Lindi mjini, sawa. Ukiwa karibu na mto Ruvuma mambo ni mengine. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa nzima, na simu iliyoachwa ijipangie majira kwa mtandao ikidaka mnara wa ng'ambo inarudi nyuma nayo. Saa janja inayofuata simu huifuata na huko. Ya mkononi ya kawaida, iwe ya elfu kumi au ya milioni kumi, haina habari na mpaka.

Maji, chumvi na salfa

Ukanda wetu unazitesa saa. Kuna joto na jasho, kuna upepo wa bahari wenye chumvi, na ukienda bara kidogo unakutana na salfa ya mikorosho.

Saa nafuu za chuma ndizo zinazoumia zaidi. Igeuze usome mgongoni. Ikiandikwa «Stainless Steel Back», usifurahi mapema: inakwambia kwamba mfuniko wa nyuma ndio chuma kisichoshika kutu. Bodi iliyobaki mara nyingi ni shaba au madini mchanganyiko yaliyopakwa rangi ya fedha au ya dhahabu. Jasho na chumvi vinaanza kula pembeni, pale mkanda unapoungana na bodi. Rangi inachubuka, chini yake panatokea wekundu wa shaba, na kifundo cha mkono kinabaki na alama ya kijani. Kwa wanaopuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu unaoshambulia mikorosho, kile kipande kilichochubuka hakidumu na wekundu wake. Salfa huigeuza shaba kuwa nyeusi, na fedha vilevile. Utaiosha sana.

Ila saa nafuu ya plastiki haina la kuogopa hapo. Salfa haiidhuru, jasho haliichubui, na mkanda ukipasuka ndio basi, unatafuta mwingine. Hapa nafuu ya plastiki inaishinda nafuu ya chuma waziwazi, na ninashangaa kwa nini watu wanaendelea kulipia ule mng'aro wa miezi mitatu.

Saa ghali nyingi ni za chuma kisichoshika kutu bodi nzima, na nzuri zake zina kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia majira, kinachofungwa kwa kuzungushwa kama kizibo cha chupa. Hilo husaidia sana kuzuia maji. Ukisahau kukifunga ukaingia nayo baharini, bei haikusaidii. Mkanda wa ngozi nao, hata uwe wa gharama gani, kwa joto la Mtwara utaoza kwa jasho na kunuka. Ukinunua saa ghali ya kuvaa kila siku huku, chukua ya mkanda wa chuma au mpira.

Kuhusu mita zilizoandikwa kwenye saa, zisome kwa tahadhari. «30m» haina maana ya kuzama nayo mita 30. Inavumilia matone ya mvua na kunawa mikono, basi. Ya mita 50 inastahimili kuogelea kidogo, ya 100 kuogelea kwa raha, ya 200 ndiyo ya mzamiaji. Namba hizo hupimwa saa ikiwa mpya, maji yakiwa yametulia. Ule mpira mwembamba ulio ndani ya mfuniko huchoka mwaka hadi mwaka. Na iliyoandikwa «Water Resistant» bila namba yoyote, ivue kabla ya kupanda mashua ya Msanga Mkuu siku ya mawimbi.

Kioo

Mchanga wa fukwe nyingi una chembe za kwatzi, jiwe lilelile linalotetemeka ndani ya saa ya betri. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu, na kioo cha yakuti wanachoweka kwenye saa nyingi ghali ni 9. Maana yake mchanga wa pwani unakwaruza kioo cha kawaida, cha yakuti unateleza tu.

Saa nafuu zina kioo cha plastiki au cha kawaida. Cha plastiki kinakwaruzika haraka mno, lakini kisugue kwa dawa ya meno na kitambaa laini, mikwaruzo midogo itapotea. Cha kawaida kikishakwaruzika ndiyo hivyo tena. Yakuti nayo ina udhaifu wake: haikwaruziki kirahisi, ila ikigongwa vibaya kwenye sakafu ya saruji inapasuka, na kipande cha kubadilisha hukikuti mezani kwa fundi wa barabarani.

Nani ataifungua?

Hiki ndicho kigezo ambacho kwa mtazamo wangu kina uzito kuliko vyote kwa mtu wa Kusini, na wauzaji hawakitaji.

Simama kidogo pembeni ya fundi saa yeyote mwenye meza yake nje ya duka, uangalie anavyobadilisha betri. Anachomeka ncha ya kisu kwenye upenyo, anakipindua, mfuniko unaruka. Betri ya zamani inatoka, mpya inaingia, mshale unaanza kutembea. Kisha ule mpira wa kuzuia maji, uliovutika na kulegea, anaurudisha kwa kidole kama ulivyotoka, bila grisi, wakati mwingine nusu yake ikining'inia nje ya mfereji wake. Anabana mfuniko kwa kiganja. «Tayari, mwanangu.» Dakika tano, na bei ndogo. Saa inatembea vizuri kabisa, ila kuanzia hapo si ya kutia majini tena, hata kama mgongoni imeandikwa mita 100. Simlaumu fundi. Mteja ameomba betri, hakuomba mpira mpya.

Kwa saa nafuu utaratibu huo unatosha. Betri zake zinapatikana kila mji, na mashine ikifa fundi anaweza kuichomolea mashine ya saa nyingine iliyokufa kioo. Ikishindikana unanunua mpya. Betri ya F-91W inatarajiwa kukaa kama miaka saba, kwa hiyo kwa fundi utaonekana kwa nadra.

Kwa saa ghali ya kimakanika habari ni nyingine. Ndani kuna magurudumu madogo yaliyotiwa mafuta, na mafuta yanakauka au kuganda. Watengenezaji wengi wanashauri ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta upya kila baada ya miaka michache. Rolex wao wanasema takriban miaka kumi. Kazi hiyo inataka vifaa maalumu, mkono uliofundishwa, na vipuri halisi. Toka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na huko nako lazima ujue unamkabidhi nani. Ukimpa asiye na vifaa, unaweza kurudishiwa saa iliyopigwa mikwaruzo mgongoni na yenye kipande kisicho chake ndani, na dhamana ya mtengenezaji imekwisha papo hapo.

Faida yake, na ni kubwa, ni kwamba inatengenezeka. Saa nzuri ya kimakanika ikitunzwa inavuka umri wa mwenyewe. Zipo Seiko 5, ukoo wa saa ulioanza 1963, ambazo wazee walizivaa wakiwa vijana na wajukuu bado wanazivaa. Mafundi wengi wa zamani wanazijua mashine hizo kuliko za Uswisi, jambo la kukumbuka ukiwa na laki kadhaa mfukoni na unayumba kati ya majina mawili.

Hesabu ya shilingi iko hivi. Saa ya elfu ishirini ukiibadilisha kila miaka miwili, kwa miaka ishirini umetumia laki mbili. Ya laki sita, tukikadiria huduma tatu za laki moja na nusu kila moja, imefika milioni moja na elfu hamsini. Anayekwambia saa ghali inajilipa yenyewe hajakaa na kalamu.

Hadhi, urithi na kuuza

Hadhi ni jambo halisi, nisilidharau. Mtu anayekutana na wateja wa bandarini au anayekaa meza kuu kwenye vikao hutazamwa mkono. Lakini watazamaji wanaojua saa ni wachache kuliko tunavyodhani. Walio wengi wanaona kama ni safi au imechubuka, na saa rahisi iliyo safi inapita. Ghali nayo ina mzigo wake: ukiwa nyuma ya bodaboda usiku, au umesinzia kwenye basi, unaiwaza.

Kwa kuuza, baadhi ya saa za Uswisi hushikilia thamani vizuri, sharti ziwe na karatasi zake na mnunuzi anayejua anachonunua. Hapa kwetu mnunuzi huyo ni adimu. Sonara atanunua mkufu wa dhahabu kwa gramu, ila saa iliyopakwa rangi ya dhahabu hatakupa kitu, kwani dhahabu yake ni ngozi nyembamba tu. Kama lengo ni kuficha fedha ya korosho isiyeyuke, saa si mahali pake. Na kwa wanaume Waislamu wanaojiepusha na kuvaa dhahabu, jambo la kawaida pwani yetu, chuma cheupe kinaondoa mjadala wote.

Saa nafuu haina hadhi ya kusemwa wala bei ya kuuzia. Ikipotea, umepoteza hela ya kitoweo.

Kabla ya kulipa

Feki zipo za kila bei. Kwa F-91W, bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie kama sekunde tatu: ya kweli huandika jina CASIo kwenye kioo. Feki nyingi hazifanyi hivyo, ingawa waigaji nao wanajifunza, kwa hiyo angalia pia maandishi kama yamenyooka. «Japan Movt» inakwambia mashine tu ndiyo ya Japani, bodi inaweza kutoka popote. «Swiss Made» ina masharti ya kisheria. Tangu 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji lazima ziwe zimefanyika Uswisi. Saa ya Uswisi ya elfu arobaini kwenye meza ya mchuuzi haihitaji uchunguzi.

Halafu kuna kundi la kati ambalo halimo upande wowote: saa za Kijapani za laki moja hadi tatu, nyingi zikijichaji kwa mwanga. Citizen walitoa saa ya mishale inayotumia mwanga mwaka 1976, na jua la Kusini halina bili. Humo zimo pia G-Shock. Ya kwanza ilitoka 1983, baada ya mhandisi wa Casio, Kikuo Ibe, kujiwekea shabaha ya saa inayovumilia kuanguka mita 10, shinikizo la maji la bar 10 (sawa na la kina cha mita 100), na betri ya miaka kumi. Wasomaji wengi wanaoyumba kati ya elfu ishirini na laki sita, nahisi jibu lao liko huku, ila si wote.

Kwa hali yako

Mkulima wa korosho anayeshinda shambani achukue ya plastiki nafuu, asiitazame mara mbili ya chuma iliyopakwa rangi. Laki sita ikiwa inamuwasha, aulize kwanza salfa ya msimu ujao imelipiwa.

Mvuvi, na mama anayefuata pweza mwambani maji yakipwa, anahitaji mita 100 au zaidi na taa au namba zinazong'aa gizani. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo saa ni chombo cha kazi. Nafuu ya mita 30 itamfia. Ya kati ya plastiki inamtosha, na akirudi aisuuze kwa maji baridi ya bomba.

Muuguzi wa hospitali ya Ligula au Sokoine anataka mshale wa sekunde ulio wazi wa kuhesabia mapigo ya moyo na saa inayofutika kwa dawa. Nafuu inatosha kabisa, na ile ya kubandika kifuani inafaa zaidi kuliko ya mkononi. Mwanafunzi, ambaye kwenye mtihani simu haruhusiwi, naye anunue ya betri ya kawaida, aibadilishe betri mwezi mmoja kabla.

Mwenye kazi ya ofisini, mshahara unaoeleweka, anayesafiri Dar mara kwa mara na anayependa vitu vinavyotengenezwa kwa mikono, kwake saa ghali ina maana: huduma iko njiani mwake, na furaha ya kitu kizuri haihitaji kutetewa kwa hesabu. Achague chuma, kioo cha yakuti, mita 100, risiti na dhamana. Bwana harusi anayetaka saa ya picha na ya kumbukumbu anaweza kwenda njia hiyohiyo, mradi asiikope.

Anayemnunulia mzazi, amuulize mwenyewe kwanza. Wazee wengi wanataka namba kubwa, uso mweupe, na mkanda wa kuvutika unaopita mkononi bila kuhangaika na kifungo. Saa hiyo inapatikana kwa bei ndogo, na ya laki sita mara nyingi haina hata kimoja kati ya hivyo.